Mkimpa mstaafu kalamu, mpeni na wino

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na kamati za kuaga wastaafu. Nataka kuzungumzia zawadi moja ambayo kamati nyingi huipenda, kalamu ya wino ya bei kubwa iliyolazwa kwenye kisanduku chake, na jinsi tunavyoiua kabla haijaandika hata ukurasa mmoja.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, anakaa Tabata. Alipostaafu mwaka jana ofisi yake ilimpa Pelikan M800, ile yenye mistari ya kijani mwilini na nibu, yaani ncha ya kuandikia, ya dhahabu ya karati 18. Watu walisoma risala, wakapiga picha, wakala pilau, shemeji akarudi nyumbani na kisanduku chake. Ndani hamkuwa na wino. Wala hakuna aliyemwambia kwamba kalamu ile haibadilishwi mrija kama biki. Kwamba unazamisha nibu kwenye chupa, unazungusha kitako chake, na pistoni iliyo ndani inavuta wino. Akaiweka kwenye kabati la vyombo, pembeni ya birika la wageni. Ilikaa humo miezi mitano.

Siku kadi za mchango wa harusi ya binti yake zilipoletwa ziandikwe majina, shemeji akaikumbuka kalamu yake. Akamtuma kijana dukani akalete wino. Kijana akarudi na kichupa cha wino wa mhuri, ule wa kutonesha kwenye pedi, kwa sababu ndio pekee uliokuwepo na muuzaji alimwambia wino ni wino. Kalamu iliandika kadi tatu. Ya nne ikakwaruza tu. Shemeji akakandamiza, kama tunavyofanya sote na biki iliyogoma, na jioni ile akanipigia simu akisema, "Shemeji, ile zawadi yangu imekufa."

Alinipigia mimi kwa sababu anajua nilikotoka. Kuanzia 1982 hadi 2016 nilikuwa karani wa ofisi ya mawakili kule Posta, na kazi ya kwanza niliyofundishwa, kabla sijakabidhiwa jalada hata moja, ilikuwa kuosha kalamu ya wakili. Alikuwa na Parker 51, ya rangi nyeusi, kifuniko cha fedha. Parker walianza kuiuza kalamu hiyo 1941. Jina lake lilitokana na mwaka 1939, ambao ulikuwa wa 51 tangu kampuni ianzishwe 1888. Nibu yake imefichwa ndani ya ganda, inachungulia ncha tu, kwa hiyo wino wake haukauki upesi mtu akisimama kufikiri. Ukifungua mwili unakuta mfuko mdogo wa wino ndani ya bomba la chuma, na kibati cha kubinya. Kila Jumamosi kabla ya kufunga ofisi nilikuwa naijaza maji na kuyabinya yatoke, najaza na kubinya, hadi maji yatoke meupe kama yalivyoingia. Ndipo naipangusa kwa kipande cha kanga kuukuu, kanga iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi yake, maana kitambaa kipya huacha nyuzi kwenye mpasuo wa nibu.

Ilikuwa miaka ile ya foleni za sukari na sabuni. Chupa ya Quink, wino wa Parker, ilikuja na msafiri, na wakili aliifungia kwenye sefu pamoja na hati za wateja. Kama nikimwaga tone mezani nilikuwa nalinyonya kwa karatasi ya kukaushia na moyo unanidunda. Nasema haya ili msomaji aelewe kwamba hatukuosha kalamu kwa anasa. Tuliosha kwa sababu kuipata nyingine kusingewezekana, na hati za mauziano ya nyumba zilikuwa zinasubiri saini.

Sasa turudi kwenye wino. Kalamu ya namna hii haina gololi ya kusukuma wino. Wino unateremka wenyewe kwenye mifereji myembamba kama unywele, iliyochongwa kwenye ule ulimi ulio chini ya nibu, na hewa inapanda kwa njia hiyo hiyo kwenda kushika nafasi ya wino ulioondoka. Lewis Waterman wa New York alipata hataza ya ulimi wa namna hiyo 1884, na kalamu za leo bado zinafuata wazo lile. Hewa isipopanda, wino haushuki. Kwa hiyo wino wake lazima uwe mwepesi, wa maji. Wino wa mhuri umetengenezwa mzito ili pedi isikauke ikiwa wazi mezani. Ukiutia kwenye mfereji mwembamba vile, unaganda kama uji kwenye mrija. Ule wino mweusi wa kuchorea ramani ni mbaya zaidi, maana ukikauka unakuwa kama vanishi na maji hayauyeyushi tena.

Nilikwenda Tabata Jumamosi iliyofuata. Bahati ya shemeji ni kwamba nibu ya Pelikan hufunguka kwa kuzungushwa, pamoja na ulimi wake, bila kifaa chochote, mradi usilazimishe. Nikaiweka kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu yenye tone moja la sabuni ya vyombo. Maji ya moto hapana, yanaharibu mwili wa kalamu. Spiriti pia hapana, ingawa dada yangu alikuwa amekwisha kuitoa kabatini; spiriti inaweza kula plastiki ya mwili na ile rangi nzuri. Maji yalibadilika yakawa ya zambarau kabla sijamaliza kikombe cha kahawa. Nikamwachia dada kazi ya kuyabadilisha asubuhi na jioni. Siku ya tisa yalibaki meupe. Nibu ilikuwa salama, maana dhahabu hailiwi na wino, lakini mikono yake miwili ilikuwa imeachana kidogo kwa kule kukandamizwa. Dhahabu ni laini. Niliirudisha taratibu kwa kucha, nikiitazama kwa lenzi, na sasa inaandika, ila mstari wake umenenepa kuliko ulivyotoka kiwandani. Sitaki kudanganya kwamba imerudi kama ilivyokuwa.

Mimi pia nilipewa kalamu nilipostaafu, na naomba niitaje kwa sababu wapo ndugu zangu wanaoniambia ni israfu. Ni Montblanc Meisterstück 149. Wakili wangu aliinunua kwa ajili yake mwenyewe, akaitumia miaka mingi, na siku yangu ya mwisho aliitoa mfukoni kwake akaniwekea mkononi, imejaa wino, na chupa nzima juu yake. Kwenye nibu imechongwa namba 4810, urefu wa mlima Mont Blanc kwa mita kama walivyoupima zamani. Kila nikiiona huwa nakumbuka Kilimanjaro, mita 5895, na kuwaambia wajukuu wafanye hesabu ya tofauti.

Bei ya kalamu kama hii dukani inatisha; mtu anaweza kununua pikipiki iliyotumika. Siwezi kumshauri mtu mwenye kodi ya nyumba isiyolipwa akainunue. Lakini israfu ninayoiona mimi ni ile ya kabati la vyombo. Yangu huandika kila siku ya Mungu. Naandika kwenye kaunta buku habari za ukoo wetu wa Bagamoyo, nani alimuoa nani na shamba lipi lilikuwa la nani, maana wanaojua tumebaki wachache. Naandika majina kwenye kadi za mchango za mtaa mzima wa hapa Magomeni, bure. Vidole vyangu vina maumivu ya viungo, na biki huniumiza baada ya nusu ukurasa kwa sababu inataka kusukumwa. Nibu iliyojaa wino haitaki kusukumwa. Uzito wa kalamu wenyewe unatosha, unaiongoza tu.

Nilipokuwa mtoto wa chuo cha Kurani Bagamoyo, mwalimu wetu alikuwa anachonga kalamu kwa unyasi na kutuandikia ubaoni kwa wino wa masizi. Alikuwa anapasua ncha katikati kwa kisu kidogo ili wino upate njia. Mpasuo ule ule uko kwenye nibu ya dhahabu. Niliuona siku ya kwanza niliyoshika ile Parker ya wakili, na sikuiogopa tena.

Kwa wenye kalamu hizi hapa Dar es Salaam, nina mambo ambayo vikaratasi vya kiwandani havisemi, kwa kuwa walioviandika wanaishi kwenye baridi. Maji ya visima vingi vya mjini kwetu yana chumvi. Osheni nayo kama hamna mengine, lakini suuzeni mara ya mwisho kwa maji ya kunywa, la sivyo chumvi itabaki kwenye mifereji. Chupa ya wino ikae kabatini penye giza, imefungwa vizuri, na wino uliokwisha kuingia kwenye kalamu usirudishwe chupani. Joto letu na unyevu wetu huotesha kuvu kwenye wino. Nimetupa chupa mbili kwa kosa hilo. Ndani ya daladala kalamu isimame mfukoni nibu ikitazama juu. Ikiwa wino umebaki kidogo, jaza kabla hujatoka, kwa sababu hewa iliyomo ndani hupanuka kwa joto na kuusukuma wino kwenye kifuniko, na mashati meupe mengi yamepotea hivyo. Kwenye ndege ni vivyo hivyo, ijae au iwe tupu. Wakati wa masika karatasi hunywa unyevu na wino hutambaa, basi weka karatasi nyingine chini ya kiganja jasho lisiguse unapoandika. Na kama huna mpango wa kuandika kwa wiki kadhaa, iondoe wino, ioshe, ilale tupu.

Jambo la kuazima nalo lipo. Pale benki kuna mtu huomba kalamu kila siku. Mimi humpa biki, ambayo hukaa mfuko wa pili kwa kazi hiyo. Kwa aliyezoea kukandamiza, kuiharibu nibu ya dhahabu ni sekunde tano tu. Ikibidi kabisa uazimishe, baki na kifuniko mkononi, ataikumbuka.

Ombi langu kwa kamati na maofisa utumishi ni dogo. Mkinunua kalamu ya wino, nunueni na chupa ya wino wa kalamu, kwa fedha ile ile ya mchango. Ongezeni karatasi moja ya Kiswahili inayoeleza kujaza na kuosha. Na kabla ya kumkabidhi, mtu mmoja aijaze, ili mstaafu asaini nayo kitabu cha wageni mbele ya watu. Akishaandika nayo mara moja hataiogopa. Shemeji yangu alikuwa mhasibu, mtu makini kuliko mimi, na angeitunza vizuri kama angejua.

Kwa wenye maduka ya steshenari: baada ya mkasa wa Tabata nilizunguka Kariakoo na Posta asubuhi nzima. Niliona kalamu za wino kwenye makabati ya vioo ya maduka manne, chupa ya wino wake kwenye duka moja tu, na vumbi juu yake. Mnawauzia watu taa bila mafuta. Agizeni hata katoni moja, na mfundisheni kijana wa kaunta tofauti ya wino wa kalamu na wino wa mhuri. Mimi nitakuja kununua, na shemeji nitamleta.

Mwisho, kuna watu ambao baba au babu aliacha Parker au Sheaffer kwenye droo, na wanaiona imeganda wakadhani imekufa. Nyingi hazijafa. Ikiwa mfuko wa wino wa ndani haujaoza, ni wino mkavu tu, na hauna haraka. Ilowekeni ile sehemu ya nibu, badilisheni maji, subirini. Ile Parker 51 ya wakili sasa iko kwa mwanawe wa kike, naye ni wakili. Ilikaa droo miaka mitatu baada ya msiba. Nilikwenda kumsaidia kuiosha mwezi wa Ramadhani uliopita, na maji ya kwanza yalitoka na rangi ya buluu ya baba yake. Aliomba niyaache bakulini kwa muda kabla sijayamwaga.

Karani mstaafu wa ofisi ya mawakili,
Magomeni Mapipa, Dar es Salaam