Ua la ZZ haliuawi na madoa, linauawa na maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji niseme jambo ambalo wengine wataliona dogo, ila linawapotezea watu fedha na kutuletea sisi wauza miche lawama zisizo zetu. Nauza maua na miche ya matunda huku Boko, kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, na masika yakishakolea simu yangu haitulii. Picha za WhatsApp zinaingia tangu alfajiri, na nyingi ni za ua moja: lile ZZ lenye majani mazito yanayong'aa, ambalo siku hizi liko kwenye kila mapokezi ya benki, kila saluni na kila sebule yenye kochi jipya. Swali nalo ni lile lile: "Mama, shina limeingia madoa meusi, nipulize dawa gani?"

Walio wengi nawajibu wasipulize chochote.

Shina la ZZ lililokomaa lina mabaka yake ya asili, ya kijani kizito yanayokaribia weusi. Mengine yamekaa kama nukta, mengine yamejilaza kama michirizi iliyozunguka shina. Yamejazana chini kwenye ule unene na yanapungua kadiri unavyopanda. Chipukizi linapotoka udongoni huwa la kijani kibichi kabisa, ndiyo maana mtu akiona mabaka yanakolea linapokua anadhani ameletewa ugonjwa. Pitisha kidole juu ya baka: hapana shimo wala uvimbe, ngozi ni ile ile. Futa kwa kitambaa chenye maji, halitoki. Bonyeza shina kwa kidole gumba na cha shahada: gumu. Hapo hakuna ugonjwa, rudi ukaendelee na shughuli zako. Tena kuna ZZ ya aina nyingine inayogeuka nyeusi tii yote, shina na majani. Inachipua ya kijani kisha inaiva weusi. Anayeinunua hiyo kwa bei yake kubwa asinipigie wiki ya pili kuniambia imeungua.

Mteja wangu mmoja wa Kinondoni alikuwa na chungu kikubwa, kizuri. Alipoona mabaka akachukua mkasi akakata mashina yote yenye "ugonjwa", akaacha mawili ya manjano kwa sababu hayakuwa na doa hata moja. Yale mawili ndiyo yaliyokuwa yameoza. Akaniletea chungu akitaka nimrudishie hela zake.

Kwa hiyo nieleze uozo wenyewe unavyoonekana. Kwanza msomaji ajue kwamba ile fimbo tunayoiita shina, kwa wataalamu wa mimea, ni jani moja refu lenye vijani vilivyopangana pande mbili. Shina halisi limelala udongoni, ni kiazi kinene, cha rangi ya maziwa ndani kikiwa kizima. Humo na kwenye fimbo zake ndimo ua linamoweka maji yake; wataalamu waliolipima walikuta zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa majani na fimbo ni maji. Linaweza kukaa miezi bila kunyweshwa. Ndiyo sababu ugonjwa mwingi wa ZZ unaanzia kule chini usikoona, na fimbo inakuletea taarifa imeshachelewa.

Rangi ya kuogopa huanzia pale fimbo inapoingia udongoni. Inaanza kuwa ya manjano iliyopauka, kisha kahawia, halafu inakuwa kama imelowa kwa ndani. Ukibonyeza, kidole kinazama. Ngozi inateleza juu ya nyama, na ukiivuta fimbo kidogo tu inang'oka yenyewe, ncha yake ikiwa kahawia na majimaji. Nusa. Udongo mzima unanuka mvua. Uliooza unanuka shombo, na hapo hata asiye fundi anajua. Mizizi nayo inasema: iliyo mizima ni minene, myeupe, ukiikunja inakatika kwa mlio; iliyooza ukiishika ngozi inavuka, unabaki na kiuzi mkononi.

Wanaofanya kazi hiyo ni vimelea vinavyostawi kwenye udongo usiopitisha hewa, kama Pythium na Phytophthora, na mara nyingine bakteria wa kuozesha. Lakini vimelea hivi vinaishi udongoni mwingi tu bila kuleta kishindo. Anayevifungulia mlango ni mwenye ndoo ya maji.

Sasa tiba. Toa ua lote kwenye chungu, usiogope. Kung'uta udongo wa zamani na uutupe, usiumwage kwenye vyungu vingine. Chukua kisu kikali, kipanguse kwa spiriti, ukate kila kilicho laini au kahawia hadi ukutane na nyama nyeupe, na panguse kisu kila baada ya mkato. Usiwe na huruma hapa. Ukiacha doa la kahawia la ukubwa wa punje ya mchele, wiki mbili baadaye utalikuta limekula kiazi. Vaa glavu au mfuko wa nailoni mikononi, kwa maana utomvu wake unawasha. Ukoo wake ni mmoja na magimbi, na kinachowasha ni kile kile, vijichembe vya kalisi oksaleti. Ule uvumi unaozunguka kwenye simu kwamba ZZ ndani ya nyumba inaleta saratani hauna msingi. Mzuie mtoto asitafune jani, nawa mikono ukimaliza, yatosha.

Baada ya kukata, watu wengi wanaharibu kwa haraka. Viazi vyenye vidonda vibichi wanavirudisha udongoni jioni hiyo hiyo na kuvimwagia maji "vipate nguvu". Viache kivulini, juu ya gazeti (la kwako hili likishasomwa linafaa sana), siku mbili tatu mpaka vidonda vikauke na kufanya ngozi. Msimu wa mvua, unyevu wa Dar ukiwa umeshika, viongezee siku. Wapo wanaopaka unga wa mkaa au mdalasini kwenye kidonda. Mkaa sina ugomvi nao, unasaidia kukausha. Mdalasini afadhali uweke kwenye chai.

Udongo wa kupandia usiwe ule mweusi unaoshikana ukilowa. Mimi nachanganya mchanga wa kujengea wa punje kubwa, pumba za mpunga zilizounguzwa, mkaa uliopondwa, na mboji kiasi kidogo tu. Mchanga wa baharini hapana, una chumvi. Chungu kiwe na tundu chini, na kisizidi sana ukubwa wa viazi vilivyobaki, kwa sababu udongo usio na mizizi unakaa na maji muda mrefu. Ndoo ya rangi iliyotobolewa inafaa kuliko chungu cha kauri cha laki moja kisichotobolewa. Ukishapanda, kaa kama wiki bila kumwagilia. Najua ni vigumu, mkono unawasha, lakini vumilia.

Dawa ya ukungu ya duka la pembejeo, ile ya kopa au ya unga wa kuchanganya na maji, haikifufui kilichooza. Inaweza kukinga kidonda baada ya kukata ukifuata maelezo ya pakiti. Kuimwaga juu ya udongo uliojaa maji bila kung'oa wala kukata ni kuongeza maji juu ya maji, na ukapige hesabu ya bei. Fimbo nzima ulizozikata kwa bahati mbaya usizitupe pia. Chomeka vijani vyake kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, kivulini. Kila kimoja kitatunga kiazi kidogo. Itachukua miezi mingi, asikudanganye mtu.

Rangi nyingine nizipitie haraka. Fimbo moja ya zamani ikigeuka manjano yenyewe, nyingine zote zikiwa ngumu, huo ni uzee, ikate. Upande mmoja ukipauka au kuwa na vidonda vikavu vya kahawia unaoelekea dirisha la magharibi, ni jua la saa tisa, sogeza chungu. Ncha za majani zikikauka, angalia maji. Visima vingi vya ukanda huu wa pwani vina chumvi, na chumvi inajilimbikiza kwenye chungu.

Fimbo kusinyaa ndiko kunakowachanganya hata wazoefu, kwa sababu kuna sababu mbili zinazopingana. Huenda ua lina kiu kweli. Huenda pia mizizi imekwisha kuoza na haiwezi kunywa, ingawa limesimama kwenye maji. Ukiongeza maji kwa kubahatisha, kwa huyu wa pili umemzika. Chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke taratibu hadi chini kabisa ya chungu, kiache dakika kadhaa, kisha kitoe. Kikitoka na udongo umeng'ang'ania, umelowa, maji hayahitajiki. Kikitoka kikavu na chungu ni chepesi ukikinyanyua, mwagilia hadi maji yatokee chini, halafu lisahau.

Kinachonichekesha ni kwamba wateja wananiuliza kama hali ya hewa yetu inalifaa, wakidhani limetoka Ulaya au China. ZZ ni la huku. Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia, na kwa asili linaota Afrika ya mashariki kuanzia Kenya, likipita Tanzania na Zanzibar, kushuka hadi Afrika Kusini. Wazungu walilieleza kwenye maandishi yao tangu mwaka 1829 kule London, na wakulima wa maua wa Uholanzi wakaanza kulizalisha kwa biashara mnamo 1996. Ndipo likazunguka dunia na kuturudia likiwa na bei. Huko porini linapigwa na kiangazi hadi kupukutisha vijani, kisha mvua ikinyesha linachipua kutoka kwenye kiazi. Ukame linaujua tangu kwa mababu zake. Kusimama kwenye maji ndani ya chumba chenye kiyoyozi, bila jua wala upepo, halijawahi kufundishwa.

Na hapo ndipo nafika kwa wenye ofisi, ambao hasa ndio wamenifanya nishike kalamu. Ipo ofisi hapa mjini, sitaitaja, ambayo mkataba wake wa kutunza maua unamtaka mhudumu amwagilie "kila siku ya kazi" na kutia sahihi kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango. Dada wa watu anamwagilia. Asipomwagilia anakatwa. Vyungu vya ndani vimetumbukizwa kwenye vyungu vya urembo visivyo na tundu, maji yanabaki chini, na wafanyakazi wanamalizia hapo chai na maji ya glasi zao. Nilipoitwa kuyatazama, nilinyanyua chungu cha ndani nikakuta kile cha nje kimejaa maji meusi karibu na nusu, mbu wanaelea. Zile ZZ zote fimbo zilikuwa za kahawia hadi usawa wa kiganja. Lawama akapewa aliyewauzia, na yule dada akaambiwa hajui kazi, ilhali karatasi ya sahihi ilikuwa imejaa hadi mstari wa mwisho.

Huyo dada hana kosa. Kosa liko kwenye kifungu. Mtu aliyekiandika alifikiria mchicha.

Nimepiga hesabu ya miezi pia. Maua yanazamishwa Machi hadi Mei, unyevu ukiwa juu na udongo haukauki, Juni yanaanguka, Julai mwaka mpya wa fedha unaanza na ofisi inanunua mengine kwa mkataba ule ule. Kibiashara ningenyamaza, maana wanakuja kununua kwetu. Lakini nimechoka kuuza ua Julai nikijua tarehe yake ya kufa.

Ninachoomba ni kwamba maofisa ununuzi wanaoandaa mikataba ya Julai wafute maneno "kila siku ya kazi" kwa upande wa ZZ, waandike "udongo ukishakauka hadi chini". Kwenye chumba chenye kiyoyozi hiyo huwa ni wiki mbili, tatu, au zaidi. Waagize vyungu vya urembo vitobolewe au vikaguliwe na kumwagwa maji kila Ijumaa, na mhudumu apewe kijiti cha mshikaki badala ya karatasi ya sahihi. Gharama ya kijiti naweza kuibeba mimi.

Wako msomaji,
Mama Miche,
Boko, Dar es Salaam.