Boriti zenu hazifiki ukutani

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu tangu gazeti likiwa na kurasa nane, na sijapata kukuandikieni. Hata mwaka ule mlipotuchanganya tarehe ya Idi nilinyamaza. Ila makala yenu ya Jumapili iliyopita, ile ya hoteli mpya na zilizokarabatiwa "za kupangia safari", imenishinda. Niliisoma mwenyewe kimya kimya, halafu nikawasomea wenzangu barzani kwa sauti, maana nilivyowasimulia walidhani natunga.

Kwanza hilo la kupangia safari. Barzani kwetu safari zinazopangiwa ni za harusi, za maziko, na za Muhimbili. Hakuna hata mmoja wetu aliyepata kukaa akapiga hesabu ya nauli kwa ajili ya kitanda. Lakini haya, dunia ina watu wake, na mwenye dola zake hatuna ugomvi naye. Mmeandika pia kwamba hoteli ile ya uchochoroni ni "kito kilichofichika". Kimefichwa na nani? Ipo hatua arubaini kutoka msikitini. Tunaipita mara tano kwa siku.

Lililonitia uchungu hasa ni sentensi moja. Mwandishi wenu anasema ukumbi wa mapokezi "umerejeshwa katika uhalisia wake", na ukiinua macho unaona "boriti asilia za mikoko zenye zaidi ya miaka 150". Nyumba hiyo naijua, Mhariri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikiwa kibarua wa ami yangu, nilichanganya chokaa yake kwa mikono yangu. Ilikuwa ikivuja kila masika mpaka wapangaji wanalala na ndoo. Tuliipiga sakafu ya juu siku nane, watu kumi na sita tumejipanga na vibao vya kupigia, mmoja anaimbisha na wengine tunaitikia, mpaka chokaa ikakaza, ukiigonga inalia kama chungu.

Nikuelezeni jambo ambalo fundi mdogo hufundishwa wiki ya kwanza. Boriti ya mkoko ina kimo chake. Ile ya kuaminika ni mita tatu, ukibahatika tatu na nusu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe, Mji Mkongwe hapa, Lamu, Mombasa ya kale, ni virefu na vyembamba. Wazee walipenda nafasi kama mnavyoipenda nyinyi, lakini mti ndio uliowapimia chumba. Anayetaka ukumbi mpana aweke nguzo au ajenge tao. Sasa ukumbi huo mliousifu una upana wa hatua zangu kumi na mbili, hauna nguzo, hauna tao. Boriti gani iliyoruka hapo? Nimeziangalia. Ncha zake zinaishia kabla ya ukuta, kuna pengo, kidole kinapita. Zimetundikwa kwenye zege kwa skrubu, kama hereni. Boriti isiyofika ukutani haibebi kitu. Mwandishi wenu alilala chini yake usiku mbili (natumai alilipa) na hakuliona pengo.

Mtauliza nimezionaje. Mjukuu wangu yuko darasa la sita, na skuli wametakiwa waandike habari za kazi za mikono za wazee wao. Wenzake wanaandika za kusuka makuti na za kujenga ngalawa. Nikamwambia twende nikuoneshe dari ya babu yako. Nikavaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yangu ya mkono, tukaenda baada ya alasiri. Mlangoni tukampata mlinzi, kijana wa mtaa wa pili, mama yake namjua. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo babu," halafu akaniuliza, "mna bukingi?" Nikamjibu, "Marahaba. Sina bukingi, nina dari humu ndani." Akacheka kwa haya, akamwita dada wa mapokezi. Dada mpole, mwenye adabu, na ndio maana sikupata hata pa kugombana. Akanieleza kwamba juu ni kwa wageni waliolala, au mtu alipie kima cha chini, dola 25 kila kichwa, na kinywaji kimo. Dola 25 nipande kwenye sakafu niliyoipiga siku nane! Na mtoto je? Na mtoto pia. Wakati anayasema hayo mimi nimeinua macho, ndipo nikaliona lile pengo, na nakiri kwamba niliacha kumsikiliza. Tukatoka. Magoti yangu si ya kuyasimamisha muda mrefu, nikakaa kwenye barza ya nje, ile barza ya mawe iliyojengwa pamoja na nyumba ili mpita njia apate pa kukaa. Juu yake wameweka vyungu vinne vya maua, vimepangwa kwa hesabu, kati ya chungu na chungu mtu mzima haenei. Nikajibana hivyo hivyo kati ya cha pili na cha tatu. Yule kijana akaja mbio: "Babu, samahani, hapa haturuhusiwi kukalisha watu." Nikainuka. Hapo hapo wakatoka wageni wawili, mume na mke, wakaiona kanzu, wakauona mlango wa nakshi nyuma yangu, kamera ikatolewa. Yule dada akatoka tena, safari hii anacheka mpaka gego linaonekana: "Kaa babu, kaa tu, wageni wanaomba picha moja." Akakisogeza chungu cha tatu kwa mikono yake mwenyewe. Na mimi, Mungu anisamehe, nikakaa. Walipomaliza chungu kikarudi mahali pake. Njiani mjukuu akaniuliza, "Babu, kwani na wewe umo kwenye ile bei?" Nikamnunulia urojo ili anyamaze.

Halafu nafungua gazeti, nakuta mmeandika kwamba juu ya nyumba ile kuna sehemu ya kupumzikia iitwayo Baraza, ina mito na taa za vibuyu, na mgeni anapata pale "ukarimu wa Kiswahili". Barza ya chini wameipanda vyungu, ya juu wanaiuza.

Msije mkanijibu kwamba mzee huyu anachukia hoteli. Sichukii. Mambo Msiige, nyumba ya katikati ya karne ya 19, ni hoteli tangu mwaka 2015, na bado imesimama inatazama bahari. Jengo la zamani la telegrafu pale Shangani nalo ni hoteli. Dispensari ya zamani, aliyoanza kuijengesha tajiri Tharia Topan mwaka 1887, ilipokarabatiwa niliwapeleka vijana wangu wakatazame kazi ya watu. Nyumba ya mawe inataka mtu wa kuilipia paa kila mwaka. Beit el Ajaib, jumba la sultani la mwaka 1883, sote tuliiona tarehe 25 Disemba 2020, upande mzima ulivyoshuka na roho mbili za watu zikaenda nao. Kwa hiyo mwenye fedha aje, akarabati, alaze watu. Lakini akipaka saruji juu ya mawe ya matumbawe asituambie kakarabati. Saruji inaufungia unyevu ndani, chumvi inapanda, lipu inatoka mapande, na ncha ya boriti iliyofukiwa ukutani inaoza polepole mpaka siku inadondoka. Labda ndio maana za hoteli ile hazikufikishwa ukutani.

Na kwa kuwa nimeshaanza, mmemsifu pia yule "pweza wa nazi wa kienyeji" wa jikoni kwao. Huyo pweza ndiye tuliyekuwa tukimla sisi. Sasa mtoto wa ndugu yangu, mvuvi, akitoka bahari na nguru wa maana hapiti tena mnadani. Anakwenda moja kwa moja mlango wa nyuma wa jikoni, anapimiwa, analipwa. Simlaumu, ana watoto wanne. Lakini sokoni Darajani mke wangu anarudi na vibua, na akimkuta pweza anaitajiwa bei ya kumwozeshea binti. Mwandishi wenu angefika na sokoni, ingawa najua huko hakuna kitanda cha bure.

Nini kifanyike? Ninayo mawili. Kwanza, mkimtuma mtu kuandika habari za nyumba iliyokarabatiwa, mpeni tochi na msumari wa inchi tatu. Tochi ya kumulikia ncha za boriti. Msumari akaukwaruze ukuta pahala pasipoonekana, nyuma ya kabati: chokaa itatoa unga mweupe laini, saruji itamvunjia ncha ya msumari. Haihitaji shahada. Kama hamna msumari ofisini, ninao kopo zima, nitauleta.

Pili, vile vyungu. Sidai viondolewe moja kwa moja, maua nayo yana haki zake. Naomba viondolewe Ijumaa tu, baada ya alasiri mpaka adhana ya magharibi, watu wakae. Kazi ya kuvibeba sitaki kuwatwisha wafanyakazi wa hoteli, wana mizigo ya wageni. Nitakuja na hamali mwenye rikwama, kwa gharama yangu, tuvisogeze hadi pembeni na kuvirudisha saa moja kasorobo. Muuza kahawa tunaye, ana kashata pia, na wageni wakitaka kukaa na sisi wakae, kikombe ni bei ile ile kwa wote na hakuna kima cha chini.

Jambo la mwisho. Najua picha zile huzunguka. Ikiwa ile yangu itafika mezani kwenu mkaitia kwenye makala nyengine ya hoteli, basi chini yake msiandike "mzee wa Kizanzibari akipumzika". Nilikuwa sipumziki, nilikuwa nafukuzwa. Andikeni fundi.

Fundi chokaa mstaafu,
Mkunazini, Unguja