Lascaux ilifungwa tangu 1963: anayekwenda bonde la Vézère ajue pa kuingia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wasomaji wanaoishi Ulaya, na wale wanaokuja huku kiangazi kutembelea ndugu zao, juu ya kijiji cha Les Eyzies, katika bonde la mto Vézère, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Kurasa zetu za utalii, zikishatoka nje ya Paris, hupenda kutaja Lascaux, pango la bonde hilo lenye michoro ya watu wa kale, kana kwamba mtu hukata tiketi akaingia. Haingii mtu. Pango lenyewe lilifungwa mwaka 1963. Msomaji asiyeambiwa hivyo husafiri siku nzima, akafikishwa kwenye nakala ya pango, akarudi na uchungu wa kudhani ametapeliwa.

Sababu ya kufungwa inafaa ijulikane, maana ndiyo inayotawala kila kitu katika bonde lile la mto Vézère. Vijana wanne waliligundua pango hilo tarehe 12 Septemba 1940 karibu na Montignac. Lilifunguliwa kwa umma mwaka 1948, na baada ya miaka michache likawa linapokea watu zaidi ya elfu moja kwa siku. Kila mtu huingia na joto la mwili wake, jasho lake na pumzi yake. Mwani wa kijani ukaota ukutani kwa msaada wa mwanga wa taa. Hewa ukaa ya pumzi ikachanganyika na unyevu ikawa inamumunya jiwe la chokaa, kisha chokaa hiyo ikaganda upya kama utando mweupe juu ya rangi. Hata baada ya kufungwa, mwaka 2001 kuvu ililipuka humo ndani. Ndiyo maana zikajengwa nakala: Lascaux II mwaka 1983, mita 200 hivi kutoka pango la asili, na Lascaux IV mwishoni mwa 2016, chini ya kilima chenye pango hilo. Kazi ya nakala hizo ni ya ustadi mkubwa, na kwa familia yenye watoto wadogo ningeshauri waanzie hapo. Lakini anayetaka kusimama mbele ya rangi iliyopakwa na mkono wa mtu wa kale, ashuke na mto hadi Les Eyzies, kama kilomita 25.

Hapo liko pango la Font-de-Gaume, lililotambuliwa Septemba 1901 na mwalimu wa shule wa kijijini, Denis Peyrony. Lina michoro ya rangi zaidi ya moja, na bado linapokea wageni, ila wachache sana kwa siku, katika vikundi vidogo vyenye kiongozi. Kutoka ofisi ya tiketi unapanda kwa miguu njia ya mlima hadi mlangoni, kwa hiyo mzee mwenye magoti mabovu apewe muda. Ndani njia ni nyembamba. Pana mahali panapoitwa Rubicon ambapo mtu mnene hupita ubavu. Mabegi hayaingii, picha hazipigwi, ukuta haugusiwi hata kwa bega, maana mafuta ya ngozi hubaki kwenye jiwe.

Wengi hutazama haraka wakaona madoa mekundu tu. Subiri kiongozi ashushe taa aimulike kwa upande. Hapo ndipo kivuli kinapoinuka, nawe unaona kwamba mchoraji alilitumia vimbe la jiwe kuwa bega la nyati manyoya, yule aitwaye baisani, na ufa kuwa mstari wa mgongo. Kuna pia reindia wawili, wale kulungu wa nchi za barafu: dume limeinamisha shingo, linamlamba paji la uso jike lililopiga magoti mbele yake. Jike limefifia, usipoonyeshwa hulioni. Mimi nasema mchoro huo mmoja unatosha kumtoa mtu Brussels.

Kuhusu tiketi, utaratibu wa Font-de-Gaume umebadilika mara kadhaa, kwa hiyo usitegemee maelezo ya kitabu cha zamani cha wageni. Tazama tovuti ya Centre des monuments nationaux, shirika la serikali linalosimamia pango hilo, na utazame kabla hujalipia nyumba ya kulala. Kosa kubwa ni kupanga safari yote kisha kutafuta nafasi ya pango mwishoni. Anza na tarehe ya pango, mengine yafuate. Ukikosa, jaribu Combarelles, pango jirani lenye michoro ya kukwaruzwa badala ya rangi, au Rouffignac, ambako wageni hubebwa na treni ndogo ya umeme hadi kwenye michoro ya mamothi, tembo wa manyoya, wanaozidi mia moja. Rouffignac hufungwa majira ya baridi. Mapangoni joto ni nyuzi 13 hivi mwaka mzima: nje Agosti unatoka jasho, ndani utahitaji sweta na viatu visivyoteleza.

Kijijini penyewe pana Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Kale, chini ya mwamba, na karibu yake kituo cha maelezo kiitwacho Pôle d'interprétation de la Préhistoire, ambacho hakina kiingilio. Hapohapo Les Eyzies ndipo vibarua walipofukua mifupa ya watu wa kale waitwao Cro-Magnon mwaka 1868. Ukifuata mto kuelekea juu unafika La Roque Saint-Christophe, genge la mawe lenye urefu wa kilomita moja na kimo cha mita 80, ambamo watu wa zama za kati walijenga kijiji kizima juu ya vibaraza vya mwamba.

Usafiri: Les Eyzies ina stesheni kwenye reli ya Périgueux kwenda Agen. Kutoka Paris unaweza kupitia Limoges au Bordeaux, ukabadilishe treni Périgueux. Treni za reli ile ndogo ni chache. Ukikosa moja unaweza kungoja saa nyingi, kwa hiyo andika saa ya treni ya kurudi kabla hujashuka.

Mtoni, makampuni ya mitumbwi hukupeleka kwa gari hadi juu, kisha unashuka mwenyewe na maji. Kutoka Saint-Léon-sur-Vézère hadi Les Eyzies tenga saa nne, zaidi kama mna watoto. Sheria ya Ufaransa inamtaka mpiga kafi ajue kuogelea angalau mita 25 na kuzamisha kichwa, wakikuuliza usidanganye. Jaketi la kuokolea lifungwe mikanda yote, lisiachwe kifua wazi kwa sababu ya joto. Simu na pasipoti ziingie kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko cha kukaza. Ajali nyingi za mto tulivu kama huu ni za namna moja: mkondo unausukuma mtumbwi ubavu kwenye tawi lililoanguka au nguzo ya daraja, abiria anaogopa na kuegemea upande maji yanakotoka, maji yanaingia, mtumbwi unapinduka. Egemea kwenye kile kizuizi, kikumbatie ikibidi, kisha jisukume polepole. Ukianguka, lala chali, miguu mbele kuelekea chini ya mto, usijaribu kusimama penye mkondo mkali, maana mguu hunasa kati ya mawe. Mvua kubwa ikinyesha maji yakageuka ya kahawia, ahirisha.

Kwa watembea kwa miguu, njia ndefu ya GR 36 inapita kijijini. Alama yake ni mistari miwili, mweupe juu, mwekundu chini. Njia fupi za mzunguko ni za njano. Ukiona msalaba wa rangi hizo, umekosea njia, rudi hadi alama ya mwisho. Kuanzia Septemba hadi Februari ni msimu wa uwindaji: vaa rangi ya machungwa inayong'aa, na ukikuta kibao cha "chasse en cours", yaani uwindaji unaendelea, geuka. Jioni kaguaneni kupe nyuma ya magoti na kwapani.

Wanaokula halali wajue kwamba mapishi ya Périgord, ndilo jina la eneo hilo, hutumia sana mafuta ya bata na bata bukini, hata viazi vinavyoonekana havina nyama. Ulizeni kabla ya kuagiza.

Ombi langu kwako, Mhariri: makala ya utalii ichapishwe pamoja na siku za kufungwa, mahali pa kukata tiketi na namna ya kurudi. Hata ile ya michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 2006, imwambie msomaji kwamba aanzie ofisini pale Kolo, apate kibali na kiongozi, ndipo apande mlima.

Msomaji wako,
Bordeaux, Ufaransa