Anayeuza filta ya koni atuonyeshe kipimo cha vumbi

Mhariri,

Nawaandikia wenzangu wenye pikapu za kazi, hasa wanaoshawishiwa kung'oa sanduku la filta ya hewa ya injini lililotoka na gari kiwandani na kufungiwa bomba la alumini lenye filta ya koni. Msikubali kabla ya kusikia yaliyonipata.

Mimi huuza chakula cha mifugo. Kila siku isipokuwa Jumapili, Isuzu D-Max yangu ya dizeli yenye turbo (pangaboi linaloisukumia injini hewa) hupakia magunia 14 ya kilo 70 pale Industrial Area, ikashika Kangundo Road kuelekea Ruai, Kamulu na Joska. Lami ni ya barabara kuu tu. Ukikata kona kwenda kwa mfugaji, unafunga vioo na bado unalila vumbi.

Mwaka jana mpwa wangu, ambaye ndiye dereva, aliniambia, "Mjomba, gari inakosa pumzi ikiwa na mzigo." Tukaenda duka moja Kirinyaga Road. Muuzaji akanieleza kwa upole kabisa: Nairobi iko juu, hewa ni nyepesi, injini yako inapumua kwa pua moja. Nikatoa Sh14,500 za bomba na Sh1,500 za fundi.

Kuhusu hewa alisema kweli. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama sehemu moja katika sita. Lakini bomba, hata liwe pana kiasi gani, haliwezi kuipa hewa ya Nairobi uzito ambao haina. Kazi hiyo ni ya turbo, na turbo ninayo. Tena nguvu ya dizeli hutokana na mafuta yanayonyunyizwa ndani ya silinda. Kama kompyuta ya gari haijapangwa upya iongeze mafuta, hewa ya ziada hupita tu ikatokea kwenye ekzosi. Haya nilielezwa baadaye, pesa zikiwa zimeshatoka.

Kilichobadilika siku ile ni mlio. Ukikanyaga mafuta, turbo ilipiga mbinja hadi watoto wa Kamulu wakawa wanakimbilia barabarani kuitazama. Mpwa wangu aliapa kwamba gari limepata nguvu. Mimi huandika kila lita kwenye daftari, na daftari halikuona nguvu hiyo: kabla ya bomba nilipata kilomita 10.8 kwa lita, baada yake 10.7, njia ile ile na mzigo ule ule. Na si mimi peke yangu. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge nchini Marekani ilipima magari ya kisasa ya petroli, ikaona kwamba hata filta iliyoziba haibadilishi ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana. Gari huchelewa tu kushika kasi. Sasa ikiwa filta iliyoziba haili mafuta, iliyo wazi zaidi itayaokoaje?

Tena koni yangu ilikaa wazi chini ya boneti, ikivuta joto la injini. Sanduku nililoling'oa mdomo wake ulikuwa ndani ya madigadi, ambako hewa ya nje huingia ikiwa baridi.

Mwezi wa tano tangu tufunge koni, gari likaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu. Fundi wangu wa Kariobangi hakuanza na injini. Alifungua bomba nyuma ya filta, upande ambao hewa inapaswa kuwa imeshasafishwa, akapitisha kitambaa cheupe ndani. Kilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Akanishika mkono, akanielekeza nipapase pangaboi la turbo kwa kidole. Ncha za yale mapanga madogo zilikuwa zimelika, zimekuwa butu, na mhimili wake ukicheza huku na huku. Kitu hicho huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Mchanga ukipenya hapo ni msasa, na ukivuka turbo unaishia kwenye ringi za pistoni.

Kukarabati turbo kulinigharimu Sh48,000. Gari lililala gereji siku sita, na mama mmoja wa Joska mwenye ng'ombe watatu akaanza kununua kwingine. Hajarudi.

Filta za koni zilizotengenezwa kwa pamba huoshwa na kupakwa oili. Ukizidisha oili, katika magari yenye sensa ya kupima hewa huishia kwenye uzi wa sensa ile, na taa ya injini ikawaka. Ukipunguza, vumbi linapita. Katika gereji zetu, ni nani anayepima oili hiyo?

Sina ugomvi na vijana wa mbio za magari, ambao injini zao zimetengenezwa upya kuanzia kichwani hadi ekzosi. Mwenye pesa za kutumia kwenye pikapu ya mashambani heri afunge bomba refu linalopanda hadi usawa wa paa, liunganishwe vizuri na sanduku lile lile la kiwandani. Huko juu vumbi la gari la mbele ni haba, na katika mafuriko kama ya 2024 injini haitavuta maji upesi.

Ombi langu ni moja. Filta za hewa zina kipimo cha kimataifa, ISO 5011, kinachoonyesha ni kiasi gani cha vumbi kinachonaswa na kiasi gani kinachopita. KEBS, shirika la kukadiria ubora wa bidhaa nchini, iwatake wanaoingiza koni hizi waonyeshe karatasi ya kipimo hicho, na nakala ibandikwe dukani mnunuzi aisome kabla ya kulipa. Muuzaji wangu nilimrudia nikamwomba hiyo karatasi. Alinionyesha rangi tatu za bomba.

Mwenye pikapu,
Njiru, Nairobi