Si pilipili iletayo vidonda vya tumbo

Mhariri,

Hapa Mombasa, mtu akilalamikia chembe cha moyo huambiwa aache pilipili na achari, ilhali tangu Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipotambua bakteria wa Helicobacter pylori mwaka 1982, imekuja kuthibitika kwamba vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria hao, au na dawa za maumivu kama aspirini zinazomezwa kiholela. Mamangu mdogo alijituliza kwa maziwa miaka mingi, hadi akapata choo cheusi kama lami, dalili ya kuvuja damu tumboni. Kipimo cha choo huwagundua bakteria hao, na viuavijasumu vya takribani siku 14 huwaangamiza. Naomba zahanati zetu, Likoni hadi Kisauni, ziwe na kipimo hicho.

Msomaji,
Majengo, Mombasa