Vijana wa kijiwe, mwacheni mwenzenu aende kwenye kikao

Wajukuu zangu wa bodaboda, hapo njia panda,

Salamu zitakuja baadaye, leo nina hasira nanyi.

Alhamisi iliyopita mmoja wenu aliingia kwenye kikao chetu, sisi tunaoacha pombe. Pikipiki aliiegesha mbali, nyuma ya mashine ya kusaga, akaja kwa miguu. Akakaa benchi la karibu na mlango, helmeti magotini. Alipopewa chai alikishika kikombe kwa mikono miwili, na bado ikamwagikia suruali. Hakuna aliyemkodolea macho. Chai ile sote tumeshaimwaga.

Ijumaa asubuhi picha yake akitoka ukumbini ilikuwa kwenye simu zenu. Mkamwita "Mchungaji". Mkamuuliza kama ameokoka au alifuata chai ya bure. Jioni alikuwa chakari, hajui kushoto wala kulia. Nani alimnunulia? Nyinyi nyinyi.

Nimepita kwao kumwomba ruhusa ya kuandika haya. Akasema, "Andika tu babu, kwani kuna asiyejua?" Aliyoyasema mle ndani sitayaandika, hata aniruhusu mara mia. Yanayosemwa mle hubaki mle, na ndiyo maana watu hufungua vinywa.

Mnanijua kama mzee wa migomba. Mimi nilikuwa dereva wa malori, na kulikuwa na asubuhi ambazo sikuweza kushika usukani kabla ya kuzimua. Nimeteremsha tela mlima Kitonga mvua ikinyesha, mkono hautetemeki kwa sababu pombe imo. Lakini siku niliyoamua kwenda kwenye kikao, nililizunguka lile jengo mara tatu. Nikavuka barabara nikajifanya nanunua vocha. Kutoka kibandani hadi mlangoni ni hatua kama arobaini, nazo zilinishinda wiki mbili. Sikuogopa waliokuwa ndani, maana sikuwajua. Niliwaogopa waliokaa nje kwenye tofali, wanaonijua kwa jina. Nyinyi sasa ndio mmekalia tofali lile.

Mnadhani mle ndani kuna miujiza? Kuna viti na birika. Mtu anasema jina lake, anasema "mimi ni mlevi", na neno hilo ambalo huku nje ni tusi, mle linajibiwa "karibu". Mwaka 1935, huko Akron, Ohio, dalali wa hisa aitwaye Bill Wilson alisimama kwenye ukumbi wa hoteli, biashara imemharibikia, anasikia kelele za baa pembeni. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Badala ya kuingia baa akapiga simu makanisani akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akaelekezwa kwa daktari mpasuaji, Bob Smith, ambaye alikubali kumpa dakika 15 tu. Walikaa saa nyingi, mpaka usiku. Hapo ndipo Alcoholics Anonymous, huu umoja wetu wa walevi wanaoacha, ulipochipukia, na mpaka leo kazi yetu ni hiyo hiyo: mlevi anamsikiliza mlevi.

Mengine nayasema upesi. Hakuna kiingilio wala fomu. Kikapu kinapita, ukiwa huna kitu unakipitisha. Ukumbi ni wa kanisa lakini Waislamu wamo, na hatuulizi dini. Sharti ni moja, kutaka kuacha. Mkiwa mbali na hapa, ulizeni kliniki ya afya ya akili ya hospitali, au ofisa ustawi wa jamii, au paroko. Vipo pia vikao vya kwenye simu. Wake na wazazi wana vikao vyao, Al-Anon. Na kwenda mara moja si kwenda.

Hili moja lisikilizeni vizuri: anayeamka anatetemeka mpaka azimue asiache ghafla peke yake chumbani. Aende hospitali kwanza. Arosto ya pombe huleta kifafa na kuona visivyokuwepo, na inaua.

Nimewagombeza nyinyi, lakini mmejifunza kwa nani? Kwetu. Kwenye mahari, kijana akikataa kata ya mbege, sisi wazee ndio wa kwanza kumuuliza anaumwa nini, au ni nani kamloga. Msibani tunahesabu pipa kabla hatujamhesabia mjane watoto. Viroba, vile vipakiti vya pombe kali, vilipopigwa marufuku Machi 2017 tulishangilia, halafu tukaenda kunywa. Anayelala mtaroni tunamrukia tunapita. Anayenyanyuka ndiye tunampiga picha.

Basi, wajukuu zangu, siwaombi muache pombe leo. Nimeshakuwa kijana, najua mzee anayehubiri anavyosikika. Ifuteni ile picha. Anayeiona kwenye kundi aifute, na asiitume kwa shangazi yake kwanza.

Kikao ni Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Nimemwambia aje, hakujibu, lakini alinisindikiza hadi getini. Akiwasha pikipiki saa kumi na nusu msimuulize anakwenda wapi. Zamu yake kwenye foleni mtunzieni, na akipatikana mteja wake wa sokoni, yule mama wa ndizi, mmoja wenu ampeleke na hela amwekee.