Msitoboe sanduku la filtri: jibu kwa msomaji wa Himbi

Bwana Mhariri,

Katika toleo lenu lililopita msomaji mmoja wa Himbi, mtaa wa hapa Goma, aliwaeleza wamotari wenzake, waendesha pikipiki za abiria, namna alivyotoboa nyumbani sanduku la filtri, yaani kichujio cha hewa, ya pikipiki yake. Alipasha msumari kwenye makala (makaa) ya moto, akatoboa matundu kumi na mawili, na anasema tangu siku hiyo pikipiki inapanda kwa nguvu ambayo hakuijua kabla. Mimi ni fundi wa pikipiki huku Majengo tangu 2004. Naomba nafasi ya kumjibu, maana Jumatatu asubuhi vijana wawili walifika gereji na gazeti lenu mkononi wakitaka niwatobolee vile vile.

Kwanza nimpe haki yake: hakusema uongo. Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi. Kila pistoni inapovuta, inapata hewa pungufu karibu sehemu moja ya sita kuliko ile ambayo ingeipata pwani. Karbirateri, inayochanganya hewa na mafuta, nayo inapunguza mafuta, lakini si kwa kiasi kile hewa ilichopungua. Ndiyo maana pikipiki nyingi zikitoka dukani zinafika kwetu zikiwa na buji (plagi ya cheche) nyeusi kama sufuria ya makala, zinazubaa ukizipa gesi ghafla, yaani ukikaza mpini wa mwendo, na zinanuka mafuta. Ukitoboa sanduku, hewa inaingia bila kupingwa, mvuto juu ya jikleri, kile kitundu kinachopima mafuta, unalegea, mafuta yanayotoka yanapungua, na mchanganyiko unasogea kuwa sawa. Pikipiki inachangamka. Mwenyewe anaapa kwamba ameongeza nguvu, kumbe amepunguza mafuta yaliyozidi.

Najua hivyo kwa sababu nami nimetoboa. Kwa miaka kadhaa kila aliyeniomba nilimtobolea, na walirudi kunishukuru. Kisha akaja mtoto wa dada yangu, ambaye nilimtobolea kwa mkono wangu mwezi wa tano. Alikuwa anabeba watu kati ya Ndosho na Sake. Mwezi wa nane aliisukuma pikipiki mpaka kwangu. "Mjomba, moto iko inakula wili, na moshi iko bulu." Yaani pikipiki inakula mafuta ya injini, na moshi wake ni wa bluu. Nilipopiga kiki niliona imelegea, haina ule ukaidi wa injini yenye pumzi. Nikafungua. Silinda ilikuwa na mistari ya kusimama toka juu hadi chini, kama mtu aliyeikwaruza kwa uma. Segma, pete za pistoni, zilikuwa zimekonda hadi nikiziweka ndani ya silinda mwanya wake unaonekana bila kuutafuta. Nikaingiza kidole ndani ya mpira unaounganisha sanduku na karbirateri, kikatoka na tope la kijivu. Ni vumbi lile lile tunalofuta kila asubuhi juu ya meza.

Wageni wanaweza kudhani vumbi ni vumbi tu. La Goma ni jiwe. Barabara zetu nyingi zimelala juu ya lava, kuta za gereji yangu nimezijenga kwa lava, na magari yanaisaga mchana kutwa. Baada ya 17 Januari 2002, lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji, na tena baada ya 22 Mei 2021 upande wa Buhene, tulipitisha pikipiki juu ya mawe yenyewe. Jiwe hilo likisagika linakuwa unga mkali. Likichanganyika na mafuta ya injini ndani ya silinda, linageuka dawa ya kunolea.

Sasa fanyeni nami hesabu. Injini ya 125 inavuta hewa mara moja kila inapozunguka mara mbili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, imevuta mara 3,000. Zidisha kwa sentimita za ujazo 125, unapata lita 375 kwa dakika moja. Tuseme haijazi silinda vizuri, tuweke lita 300. Kwa saa moja ni lita 18,000. Mtu anayefanya kazi toka saa kumi na mbili asubuhi mpaka giza, njia ya Sake, mwezi wa saba, nyuma ya malori, hewa yote hiyo anaipitisha wapi?

Hapo ndipo barua ya ndugu yetu wa Himbi iliponitia hofu. Aliandika kwamba alitoboa "karibu na mpira wa karbirateri, ili hewa isizunguke." Sanduku lina vyumba viwili. Kuna upande hewa inapoingia ikiwa bado chafu, halafu filtri, halafu upande wa hewa safi unaokwenda kwenye karbirateri. Aliyetoboa upande mchafu amejiletea kelele, filtri inayojaa upesi, na maji siku ya mvua; ni hasara, lakini filtri bado inafanya kazi. Aliyetoboa upande safi ameiruka filtri kabisa. Hata akinunua mpya kila wiki, vumbi linapita pembeni yake. Matundu yangu kwa mpwa wangu yalikuwa upande huo, kwa sababu wakati ule sikuwa nimejiuliza kwa nini kiwanda kilifunga pale na kuacha wazi kule.

Mafuta yaliyozidi yana dawa yake, na iko ndani ya karbirateri. Sindano, ile inayopanda na kushuka kupima mafuta, ina mifereji midogo ya kushikia kipini. Kwa zile zinazokubali, napandisha kipini mfereji mmoja juu, sindano inashuka, mafuta yanapungua katikati ya gesi. Buji ikibaki nyeusi wakati gesi imefunguliwa yote, natafuta jikleri yenye namba ndogo kidogo. Naangalia buji tena baada ya safari: nataka rangi ya biskuti. Ikiwa nyeupe nimepita kiasi, narudisha, maana injini yenye njaa ya mafuta inachemka. Na jikleri haipitishwi waya. Ukishaipanua huwezi kuirudisha.

Filtri ya sponji ioshwe kwa maji na sabuni, ikaushwe kivulini, iloweshwe kidogo kwa mafuta ya injini kisha ikamuliwe. Wakati wa kiangazi nawaambia wateja wangu kila wiki. Ya karatasi haioshwi, ikijaa, inabadilishwa.

Nilitaka kuwa na hakika, nikafanya jaribio. Nilichukua pikipiki moja, gunia moja la makala nyuma, nikapanda mlima toka Majengo mpaka Kibati na sanduku lenye matundu. Kesho yake nikapanda na sanduku zima, kipini kimepanda mfereji mmoja. Nilipima kwa saa ya simu. Muda ulikuwa karibu ule ule, na sanduku zima lilinivuta vizuri zaidi gesi ikiwa ndogo, pale ambapo mmotari anafanya kazi siku nzima kati ya wateja. Kilichokosekana ni ule mngurumo. Nadhani mngurumo ndio unaowauzia vijana matundu haya.

Mpwa wangu alikaa siku tisa bila kazi, na mwenye pikipiki alitaka hesabu yake hata siku hizo. Kupanua silinda na kununua pistoni na segma nililipa mimi.

Namwomba ndugu yetu wa Himbi alete pikipiki yake Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi. Matundu kumi na mawili nitayaziba kwa vipande vya bidoni (dumu la plastiki) na gundi ya kuchanganya, kisha nitampangia sindano. Sitamtoza. Na wale wengine niliowatobolea miaka ile, ambao sura zao nazikumbuka lakini namba zao sina, wakisoma hapa waje nao. Gereji ni ile ile.

Fundi wa pikipiki,
Majengo, Goma